Kitwitwi Aliyeacha Kazi Kinywani mwa Mamba

Paukwa!

*Pakawa!*

Pakawa na nini?

*Sema wewe, sisi tumekuja kusikiliza!*

Pakawa na mto, na mtoni pakawa na kinywa. Uongo uje?

*Uje na meno yake!*

Na utamu je?

*Uje umeshiba!*

Haya, sogeeni. Mwenye karanga azipitishe huku mbele, msimuliaji hasimulii na tumbo tupu.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakiajiriana, palikuwa na Mamba mmoja kwenye mto mpana wa maji mekundu. Inasemekana Mungu alipomuumba Mamba alianza na kinywa. Kikamtoka kikubwa kupita kiasi, akahangaika kutafuta mwili wa kukibeba, na zamu ya miguu ilipofika udongo ulikuwa umekaribia kwisha. Ndiyo maana ana kinywa cha bwana mkubwa na miguu ya mjusi.

Kinywa kile kilikuwa na meno mengi, na meno yale yalikuwa na uchafu mwingi. Mamba akila swala, swala anabaki menoni. Akila kambare, kambare anabaki menoni. Akila jirani, jirani anabaki menoni. Nyama ikioza, meno yanauma. Meno yakiuma, Mamba analia, mpaka vyura wanafunga mizigo na kuhama.

Basi Mamba akatafuta mfanyakazi wa kumchokoa meno, akampata Kitwitwi.

Mnamjua Kitwitwi? Yule ndege mdogo wa ukingoni, miguu kama njiti za kibiriti, mdomo kama sindano. Mumewe alikuwa amekwenda upande wa chini wa mto kutafuta maisha, na maisha yakampata huko huko, hakurudi. Kitwitwi akabaki na vifaranga wake katikati ya mawe, midomo wazi kutwa nzima.

"Kazi ni rahisi," Mamba akamwambia. "Mimi naachama, wewe unaingia, unachokoa, unatoka."

"Na mshahara, baba?"

"Mshahara wako ni kile utakachokikuta menoni."

"Yaani nile makombo yako?"

"Utakula ninachokula mimi! Hebu niambie, tajiri gani mwingine mto huu anakula sahani moja na mfanyakazi wake?"

Kitwitwi akafikiri. Akawatazama vifaranga. Vifaranga wakamtazama yeye. Akaingia kinywani.

Ili tajiri wake asisahau kwamba mle ndani kuna mtu, alikuwa akiimba. Nami nikiimba, nyinyi mwitikie "Achama!" Sawa?

*Sawa!*

*Twi twi twi, baba, achama,*

*Achama!*

*mwenzio nimo kinywani,*

*Achama!*

*twi twi twi, baba, achama,*

*Achama!*

*nirudi zangu nyumbani.*

Vizuri. Nyinyi mngefaa kuajiriwa.

Kila alipotoka kazini, Kitwitwi alimega sehemu ya chakula chake, akaianika, akaipeleka kwenye ghala la waliokwama. Ghala hilo lilikuwa la wanyama wote wa mtoni. Kila mfanyakazi alitia kidogo: huyu punje za mtama, yule dagaa wakavu, mwingine mizizi. Mnyama akifukuzwa kazi, analishwa na ghala mpaka apate kazi nyingine, na tajiri aliyemfukuza ndiye anayelijaza ghala tena mpaka juu. Lakini mnyama akiacha kazi kwa hiari yake, hapewi hata chenga, na tajiri wake hadaiwi kitu.

Sasa sikilizeni. Mamba alikuwa hajawahi kutia kitu katika ghala lile, hata mfupa. Kwa nini? Kwa sababu wafanyakazi wake wote waliacha kazi kwa hiari yao. Yeye ndivyo alivyosema. Binamu yake Kitwitwi alifanya kazi pale, akaacha bila kuaga. Kabla ya binamu alikuwapo Chozi, yule ndege wa maua, naye akaacha katikati ya wimbo.

"Vijana wa siku hizi," Mamba alikuwa akisema, huku akijilamba, "hawana subira."

Siku moja Kitwitwi yumo ndani kabisa, kwenye magego, anavuta unyuzi wa nyama, anaimba *twi twi twi, baba, achama*. Mara, kwapu!

Kinywa kikafumba. Ndani pakawa giza, pakawa joto, pakawa na harufu ya jirani. Kitwitwi akadona ufizi, do! do! do! Kinywa kikafunguka.

"Baba, umefumba!"

"Nimefumba? Ah, kidogo tu. Nilipiga miayo."

Pembeni, juu ya jiwe, alilala Kenge. Kenge alikuwa ndugu wa Mamba wa mbali, wa mbali sana, hata Mamba akitaja ukoo wake alikuwa anamruka. Lakini Kenge alijiita msimamizi. Kazi yake ilikuwa kulala juu ya jiwe, kutoa ulimi, na kukubali.

"Kidogo tu," Kenge akasema. "Nimeona mwenyewe, ni miayo."

Kitwitwi akaendelea na kazi. Siku nyingine yumo kwenye meno ya kati, anachokoa mwiba wa samaki. Kwapu! Giza, joto, harufu ya jirani. Do! do! do!

"Baba, umefumba tena!"

"Kidogo tu. Nilipiga chafya."

"Kidogo tu," Kenge akasema. "Ni chafya, nimerushiwa mate."

Kitwitwi akarudi nyumbani. Akawalisha vifaranga, yeye mwenyewe chakula kikamshinda. Alikuwa akisikia bado ile sauti, kwapu, kila jiwe lilipogongana na jiwe. Akaanza kujiuliza binamu yake aliagwa na miayo au na chafya.

Siku iliyofuata akafanya kazi karibu na mlango, kwenye meno ya mbele, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Akaimba kwa sauti ya juu, ili hata kiziwi asikie. Mamba akamsubiri amalize ubeti. Kwapu!

Kitwitwi akaruka, frrrr! Akatua ukingoni, akageuka kujitazama. Manyoya ya mkia hayapo. Yote yamebaki kwa tajiri. Ndiyo maana hata leo ukimwona Kitwitwi ametua, hatulii, anatikisa mkia juu na chini, juu na chini. Anahakikisha kama bado upo.

"Baba!" akapiga kelele. "Hii nayo ni nini?"

"Kidogo tu," Mamba akasema, na manyoya mawili yakamtoka puani. "Nilikuwa nacheka. Kenge amenichekesha."

"Mimi huchekesha sana," Kenge akasema.

"Basi mimi naacha!" Kitwitwi akasema. "Naacha kazi leo, naacha sasa hivi, sirudi humo hata ukipaka asali!"

Kenge akainua kichwa juu ya jiwe.

"Umesema unaacha?"

"Ndiyo, naacha!"

"Mwenyewe? Kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu!"

Kenge akamtazama Mamba, Mamba akamtazama Kenge, wote wawili wakatabasamu. Na mkimwona Mamba anatabasamu, jueni kuna mtu ameharibikiwa.

Kitwitwi akaenda moja kwa moja kwenye ghala. Mlangoni alikaa mtunza ghala, Bi Nungunungu, mama mmoja mnene mwenye miiba mirefu. Alikuwa mwenye haki, lakini ukimuudhi miiba inasimama na kulia, chaka-chaka-chaka, na hapo hata tembo anakumbuka ana shughuli kwingine.

"Shikamoo, Bi Nungu."

"Marahaba, mwanangu. Mkia uko wapi?"

"Ndio ulionileta. Sina kazi, bibi. Vifaranga wana njaa. Nimekuja kwa ajili ya ghala."

"Pole sana. Ulifukuzwa au uliacha?"

"Kuna tofauti gani? Tumbo ni lile lile."

"Tofauti hiyo ndiyo iliyonikalisha mlangoni hapa. Ulifukuzwa au uliacha?"

"Niliacha."

Miiba ikatikisika kidogo, chaka. "Kama uliacha, mwanangu, sina la kukupa."

"Niliacha kama unavyotoka kwenye nyumba inayoungua! Mtu akikimbia moto utasema alihama kwa hiari yake?"

Bi Nungunungu akakuna shavu. Hilo hakuwahi kuulizwa. "Maneno yako yana uzito," akasema. "Lakini sharti nimsikie na tajiri wako. Rudi hapa kesho asubuhi, nitamwita. Akikubali kuwa alikusukuma, utakula. Akikataa, tutaangalia nani anasema kweli."

Kitwitwi akarudi kwenye mawe. Siku ile vifaranga walikula mbu mmoja na matumaini mengi. Na alipoinua macho akamwona Kenge amesogea karibu zaidi na kiota kuliko jana, anatoa ulimi, anarudisha, anatoa.

"Wanakua vizuri," Kenge akasema.

"Ondoka hapa."

"Nasimamia tu."

"Unasimamia nini? Mimi sina kazi!"

"Ndiyo," Kenge akasema kwa upole. "Na mama asiye na kazi hutoka kwenda kutafuta chakula mbali. Lazima mtu abaki na watoto."

Ndipo Kitwitwi akaelewa kwamba hakuwa akipigania mtama peke yake. Asipopata chakula cha ghala ataondoka kutafuta, na akiondoka, atakaporudi atakuta mawe matupu. Akawafunika vifaranga kwa mabawa yake, na hakumwondolea Kenge macho mpaka alipokwenda zake.

Asubuhi mto mzima ulikuwa mbele ya ghala. Ngiri alikuja na wake zake. Bata walikuja. Vyura waliohama walirudi, maana jambo la kumwaibisha jirani huwezi kulikosa. Mamba akapanda ukingoni, kwaruu, kwaruu, anaburuta tumbo. Amejipaka matope mapya, amejitengeneza kama mkwe.

"Bwana Mamba," Bi Nungunungu akasema, "huyu mfanyakazi wako anasema ulimsukuma mpaka akaacha kazi. Wewe unasemaje?"

Mamba akatoa machozi, chozi moja jicho la kulia, chozi moja jicho la kushoto.

"Bibi, mimi nimeumia. Huyu nilimchukua kama mwanangu. Nilimwingiza kinywani mwangu! Nani hapa amewahi kumwingiza mfanyakazi wake kinywani?"

Umati ukakubali kwamba hakuna.

"Nilikula naye sahani moja. Nikamsikiliza akiimba, na sauti yenyewe mnaisikia. Halafu siku moja, bila sababu, anasema naacha. Shahidi yupo."

Kenge akajitokeza, kifua mbele.

"Nilimwona kwa macho yangu. Alitoka kinywani anaruka kwa furaha, mabawa yamekunjuka, akasema naacha mara tatu. Nikamuuliza, kwa mdomo wako? Akasema, kwa mdomo wangu."

"Na mkia wake?" Bi Nungunungu akauliza.

"Mkia ni mtindo," Kenge akasema. "Vijana wa siku hizi wanajinyoa."

Vyura wakacheka. Kitwitwi akawageukia.

"Alifumba kinywa nikiwa ndani!" akasema. "Mara ya kwanza akasema ni miayo. Mara ya pili akasema ni chafya. Mara ya tatu akasema ni kicheko. Kila mara ni kidogo tu, kidogo tu! Je, akifumba kidogo mara ya nne mimi nitakuwa wapi?"

"Uongo mtupu!" Mamba akasema. "Mimi nikiwa kazini kinywa changu hakifumbi hata unywele. Kinywa changu ni salama. Kenge, sema."

"Salama!" Kenge akasema. "Mle ndani ni kama kwa bibi yako. Unaweza kulala usingizi."

"Tena," Mamba akasema, na sauti yake ikawa laini kama mafuta, "mimi sina kinyongo. Kazi yake ipo. Arudi. Arudi hata sasa hivi, ataanza na haya magego ya nyuma kabisa."

Umati ukapiga makofi, kwa sababu umati hupenda msamaha wakati si wao watakaoingia kinywani. Bi Nungunungu akashusha miiba. Akamgeukia Kitwitwi, na uso wake ulikuwa wa huruma.

"Umesikia, mwanangu. Kazi ipo, na tajiri anakuita. Anayeitwa kazini akakataa, ghala haliwezi kumlisha. Unarudi au hurudi?"

Kitwitwi akatazama magego ya nyuma kabisa. Akatazama kule mawe yalipo. Akisema sirudi, vifaranga ni wa Kenge. Akisema narudi, yeye ni wa Mamba, halafu vifaranga ni wa Kenge vilevile. Moyo ukamdunda, du du du, kama unataka kutoka uende ukatafute ndege mwingine.

Akamtazama Mamba anavyotabasamu. Akamtazama Kenge anavyotoa ulimi. Kisha akatikisa kile kisehemu cha mkia kilichobaki, akainama kwa adabu.

"Bibi, nimekosa," akasema. "Narudi."

"Safi!" Mamba akasema.

"Ila mimi ni mjinga, bibi. Labda kazi sikuielewa. Huyu ndugu yetu Kenge ni msimamizi, na amesema mle ndani ni kama kwa bibi yake. Naomba aingie yeye kwanza, anioneshe jinsi ya kukaa. Nikimwona ametulia, na mimi nitaingia, na sitakuja tena kusumbua ghala lako mpaka nife."

"Mimi?" Kenge akasema.

"Ombi la haki," Bi Nungunungu akasema.

"Mimi nina kifua," Kenge akasema. "Unyevunyevu unanidhuru."

"Ingia, mpumbavu," Mamba akamnong'oneza. "Hawa wote wanatutazama. Ni muda mchache tu." Kisha akasema kwa sauti, "Tazameni wote! Tazameni kinywa kinavyotulia!"

Akaachama. Aaaaah! Nzi wakapata habari, wakaja. Kenge akaingia hatua moja, akasimama, akaingia hatua ya pili. Kwa kuwa alikuwa mrefu, mkia ukabaki nje, umelala juu ya meno ya mbele kama kamba ya ng'ombe.

"Anafaa," Kitwitwi akasema. "Bibi, huku kazi inaendelea, niruhusu nimalize maneno yangu, ili tusipoteze muda wa wazee hawa."

"Sema."

Kitwitwi akaruka juu ya jiwe, mbele kabisa ya pua ya Mamba.

"Wazee, mimi nataka kumshukuru tajiri wangu. Bwana Mamba amekubali kwamba mimi ni mfanyakazi hodari kuliko wote aliowahi kuajiri. Kama si kweli, akanushe."

Wote wakamtazama Mamba.

"Aaaaah," Mamba akasema.

"Hakukanusha," Kitwitwi akasema.

"Hakukanusha," Bi Nungunungu akasema.

"Pia Bwana Mamba amekubali kwamba binamu yangu hakuacha kazi. Wala Chozi hakuacha kazi. Wameajiriwa ndani zaidi, tumboni, na mpaka leo hawajapewa likizo. Kama si kweli, akanushe."

"Aaaah! Aaaah!"

Umati ukanong'ona. Kutoka mle ndani ikasikika sauti ndogo ya Kenge: "Mkubwa, usitikisike. Mkubwa, taratibu."

"Hakukanusha," Kitwitwi akasema.

"Hakukanusha," Bi Nungunungu akasema, na miiba ikaanza kuinuka, chaka.

"Pia Bwana Mamba amekubali kwamba alinifukuza kwa meno yake mwenyewe, na kwamba atalijaza ghala mpaka juu kwa samaki, kila mwezi ukiandama, bila kusukumwa. Kama si kweli, akanushe."

Jamani, Mamba alikuwa katika dhiki! Akisema, amefumba, na akifumba, ameumbuka. Akinyamaza, amekubali, na akikubali, analipa. Macho yakamtoka. Mate yakaanza kutiririka, yakamlowesha Kenge miguu. Akajaribu kukanusha kinywa kikiwa wazi. Jaribuni na nyinyi. Achameni, halafu semeni "nakanusha".

*Aaa-aaa-aa!*

Ndivyo ilivyokuwa. Nani angeelewa? Na mle ndani Kenge alikuwa amesahau usimamizi wote. Mkisikiliza vizuri mnamsikia anaimba kwa sauti inayotetemeka, wimbo ambao hakufundishwa na mtu:

*Twi twi twi, baba, achama,*

*Achama!*

*mwenzio nimo kinywani,*

*Achama!*

"Mbona shahidi anaimba?" Bi Nungunungu akauliza.

"Amefurahi, bibi," Kitwitwi akasema. "Yuko kwa bibi yake. Nimebakiwa na neno moja. Bwana Mamba amekubali pia kwamba kinywa chake kinanuka, kinanuka mno, na ndiyo maana sisi sote huteka maji upande wa juu. Tena amekubali kwamba mama yake mzazi alipomwona anaanguliwa, alimfukia tena. Kama si kwe—"

"MUONGO!" Mamba akanguruma.

Kwapu!

Kisha shavu la Mamba likavimba huku, likavimba kule, do! do! do!, kinywa kikapasuka wazi, na Kenge akatoka kama mbegu ya papai, akajibwaga mbele ya ghala. Mkia, ule mrefu aliokuwa akiuburuta kwa majivuno, ulikuwa mfupi kwa nusu.

"Bwana Mamba," Bi Nungunungu akasema polepole. "Umefumba."

"Kidogo tu!" Mamba akasema. "Ilikuwa kwikwi!"

Basi hapo mto ukalipuka. Vyura walicheka mpaka wakaangukia migongo. Wake za Ngiri walishikana mabega. Hata nzi walicheka. Bi Nungunungu peke yake hakucheka. Miiba yake ilisimama yote, chaka-chaka-chaka-chaka, na kila mtu akasogea nyuma.

"Kenge," akasema, "uliniambia mle ndani ni salama."

"Naacha!" Kenge akalia. "Naacha usimamizi, naacha jiwe, naacha ukoo!"

"Unaacha kwa hiari yako?"

Kenge akageuka kuutazama mkia wake, kile kipande kilichokuwa kikining'inia kwenye meno ya Mamba.

"Bibi," akasema, "nusu yangu bado iko kazini. Nusu hii iliyotoka, haikutoka kwa hiari."

"Basi ndivyo alivyosema Kitwitwi tangu mwanzo," Bi Nungunungu akasema, "na mimi nilitaka kumrudisha. Kitwitwi, njoo uchukue chakula cha watoto. Bwana Mamba, wewe uliulizwa mambo mbele ya mto mzima, na hukukanusha. Mwezi ukiandama nitakaa mlangoni hapa nikisubiri samaki."

"Sikuweza kukanusha! Nilikuwa nimeachama!"

"Ungeweza kufumba," Bi Nungunungu akasema. "Kidogo tu."

Mamba akashuka mtoni, chubwi, na mapovu yakatoka mahali alipozama, mapovu ya matusi.

Hivyo Kitwitwi akala, na vifaranga wakala, wakaota manyoya, wakaruka. Kenge naye alipewa sehemu yake ya ghala, lakini sheria ni sheria: nusu mkia, nusu sahani. Aliila mbali na mawe, maana mama wa mawe yale alikuwa amejulikana sasa, na hakuna aliyetaka kukutana naye hadharani.

Na kila mara Bi Nungunungu alipomuuliza, "Mwanangu, umeshatafuta kazi nyingine?" Kitwitwi alijibu, "Naangalia, bibi." Alikuwa akisema kweli. Aliangalia mto. Aliangalia mawingu. Aliangalia jinsi ghala linavyojazwa kambare wanono. Kazi nayo ilimwangalia kwa mbali, ikaona haya kumsumbua. Alipochoka kushiba ndipo akaenda kwa Kiboko kumtoa kupe mgongoni, baada ya kumzunguka na kuhakikisha kwamba mgongo wa Kiboko haufumbi.

Sasa fundisho, maana hadithi bila fundisho wazazi wenu hawatanipa karanga tena. Fundisho ni hili: watoto wazuri, mkipata kazi msiiache. Mheshimuni tajiri. Akipiga miayo, mshukuruni. Akifumba kidogo, vumilieni kidogo. Akiwatafuna, imbeni, lakini msipaze sauti, atapaliwa. Na mkiona mambo yamezidi, basi acheni bila kuaga, kama binamu yake Kitwitwi, msiende kuwasumbua watunza ghala. Mmesikia?

*Tumesikia!*

Mtafuata?

*Hatufuati ng'o!*

Watoto gani hawa? Haya. Hadithi yangu naifumbia kinywa hapa. Ikiwa tamu, ulambeni utamu. Ikiwa na mfupa, mtemeeni jirani.

*Na Mamba je?*

Mamba yupo. Mkipita mtoni mchana, jua likiwa kali, mtamkuta amelala ukingoni, ameachama vile, hasogei. Wasiomjua husema anaota jua. Anatafuta mfanyakazi. Kazi ni rahisi, unaingia, unachokoa, unatoka, na unakula sahani moja na tajiri. Ameniomba niwaulize. Nani anataka? Anyooshe mkono.

Mbona kimya?